Usiku uliokuwa ukihama: kisa cha mwalimu asiyeona

"Daktari, mimi si mtu wa kukosa usingizi. Usingizi ninao, tena mzito, ila haukai mahali pamoja."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mwanamume wa miaka 36, mwalimu wa muziki, asiyeona kabisa. Nitamwita Mwalimu, jina lake na anakoishi havihitajiki hapa. Maneno hayo alikwisha kuwaambia matabibu kadhaa kabla yangu, na katika mafaili yote aliyonikabidhi niliona wameandika jambo lilelile: kukosa usingizi. Hakuna aliyeandika "haukai". Kisa chote kimo ndani ya neno hilo moja.

Historia

Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi wa retina, ule unaoua polepole seli za kuonea zilizo nyuma ya jicho. Utotoni alitaabika gizani, ujanani akabaki na upenyo mdogo wa kuonea, na alipofika miaka 20 hakuweza tena kutofautisha mchana na usiku kwa macho. Hata hivyo usingizi wake haukuwa na dosari. Alilala saa 5 usiku, akaamka saa 1 asubuhi, wala hakuhitaji kengele. Nilimuuliza jambo hili mara tatu kwa njia tatu, kwa sababu jibu lake lilikuwa na uzito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Jibu halikubadilika: kwa zaidi ya miaka kumi ya upofu kamili, alilala kama watu wengine.

Akiwa na miaka 31 shinikizo la ndani ya macho lilipanda, na maumivu yakawa hayavumiliki. Kwa kuwa macho hayo hayakumsaidia kuona, aliyemtibu alishauri yaondolewe, naye akakubali. La kulia lilitolewa kwanza, la kushoto miezi minane baadaye. Maumivu yakaisha. Wiki chache baada ya upasuaji wa pili, usingizi ukaanza kuhama.

Alinieleza hivi. Kuna majuma mawili hivi ambayo analala usiku na kuamka asubuhi, mwepesi wa mwili na akili. Kisha usingizi unaanza kuchelewa: leo saa 6 usiku, baada ya siku chache saa 8, baadaye unamjia alfajiri. Kengele humwamsha aende kazini akiwa hajalala hata saa mbili. Halafu zinakuja siku ambazo usiku kucha yuko macho, na adhuhuri, katikati ya somo, kope zinaanguka akiwa amesimama. Baada ya hapo usingizi unamfikia alasiri, kisha jioni mapema, hadi siku moja anagundua kwamba amelala tena usiku na ameamka asubuhi. Ndugu zake walisema ugonjwa huo una mizimu. Yeye alisema una kalenda. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Kwa nini kila dawa ilionekana kufaa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo miaka minne ya mtu ilipotelea.

Mtu hutafuta tiba anapozidiwa. Mwalimu alikwenda kwa matabibu katika wiki mbaya kuliko zote, na baada ya wiki mbaya kuliko zote hakuna kinachofuata ila nafuu. Alipewa vidonge vya usingizi. Baada ya majuma matatu akalala vizuri, na faili likaandikwa kwamba dawa imemkubali. Majuma yakapita, hali ikarudi, ikasemwa kwamba mwili umezoea dawa, dozi ikaongezwa. Nafuu ikaja tena. Iliporudi mara ya tatu, mtu akaona ana huzuni (nani asingekuwa nayo?) akamwandikia dawa za sonona. Baada ya mwezi, nafuu. Kisha akaambiwa aache kahawa. Akaacha, nafuu ikaja. Mwisho akashauriwa ameze melatonini, homoni ambayo mwili hutoa usiku, miligramu 10 anapokwenda kulala. Hiyo nayo "ilifanya kazi" mara ya kwanza, ikashindwa ya pili, naye akajifunza kuimeza katika majuma mabaya tu na kuiacha katika majuma mema.

Hakuna hata tiba moja kati ya hizo iliyokuwa imegusa chanzo. Zote zilisimama kando ya gurudumu linalozunguka lenyewe, na kila moja ikasifiwa kwa mzunguko wake. Hali inayokuja na kuondoka kwa zamu humdanganya mgonjwa na tabibu kwa pamoja, na njia ya kuupita udanganyifu huo ni kuandika tarehe na saa kwa muda unaozidi mzunguko mzima. Hakuna aliyefanya hivyo. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu kalamu na subira ndivyo vilivyokuwa vinahitajika, na havikuwa haba.

Shajara

Nilimwomba arekodi kwa sauti, kila siku kwa majuma kumi, saa aliyolala, saa aliyoamka bila kuamshwa au kwa kengele, na kila mara alipopitiwa na usingizi mchana. Kwa bahati sehemu ya majuma hayo iliangukia likizo, akaweza kuufuata mwili wake bila kulazimishwa na ratiba.

Nilipozichora saa hizo kwenye karatasi, siku moja chini ya nyingine, usingizi wake ulishuka kwa mshazari kutoka kushoto kwenda kulia kama ngazi. Ngazi hiyo haikukatika. Kila siku alilala takriban nusu saa baada ya wakati aliolala jana yake. Maana yake ni kwamba siku ya mwili wake ilikuwa na urefu wa saa 24 na nusu. Ukipiga hesabu, katika siku 49 za kalenda mwili huo unakuwa umeishi siku 48 tu. Siku hiyo moja iliyopotea ndiyo safari nzima, kutoka juma jema hadi jema lingine.

Usiku unavyotangazwa mwilini

Saa ya mwili wa binadamu, ikiachwa peke yake, haizunguki kwa saa 24 kamili. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alishuka pangoni bila saa, akakaa miezi miwili. Alipoarifiwa Septemba 14 kwamba muda umekwisha, kwa hesabu yake ilikuwa Agosti 20. Mwaka 1999 kundi la Charles Czeisler, wa Harvard, liliipima saa hiyo kwa uangalifu mkubwa na kupata wastani wa saa 24 na dakika 11 hivi. Kwa hiyo karibu kila mmoja wetu angekuwa anahama kama Mwalimu, pengine polepole zaidi, kama si kitu kinachoturudisha kila siku. Kitu hicho ni mwanga.

Saa yenyewe ni kishada cha seli takriban 20,000 ndani ya hipothalamasi, sehemu iliyo chini ya ubongo, juu tu ya mahali neva za macho zinapokutana. Kishada hicho hupata habari za mwanga kupitia seli maalumu za retina ambazo si zile za kuonea. Zina rangi ya kupokea mwanga iitwayo melanopsini, ambayo huitikia zaidi mwanga wa buluu. Ignacio Provencio na wenzake waliielezea melanopsini mwaka 1998 kutoka ngozi ya chura, na mwaka 2002 ikathibitishwa kwamba seli za retina zenye melanopsini huitikia mwanga zenyewe na kupeleka habari hadi kwenye saa ya ubongo. Jicho basi lina kazi mbili. Moja ni kuona. Ya pili ni kuuambia mwili kama kumekucha, na kazi hiyo inaweza kuendelea miaka mingi baada ya kuona kufa.

Kutoka kwenye saa, amri haiendi moja kwa moja kwenye tezi ya pineali, ile inayotengeneza melatonini, ingawa tezi hiyo iko papo hapo kichwani. Inashuka kwanza kwenye uti wa mgongo hadi usawa wa juu wa kifua, inatoka nje, inapanda hadi kwenye fundo la neva lililo shingoni, na kutoka hapo inarudi kichwani hadi kwenye tezi. Ni njia ndefu ya kustaajabisha, na ushahidi wake tunauona kwa watu walioumia uti wa mgongo shingoni: ubongo wao ni mzima, macho yao ni mazima, lakini mdundo wa melatonini umetoweka, kwa kuwa waya umekatika njiani.

Kukiwa usiku, neva hizo humwaga noradrenalini, kemikali ya kupelekea ujumbe, kwenye tezi. Seli za tezi huamka na kuongeza kimeng'enya kinachoigeuza serotonini kuelekea melatonini. Malighafi ya mwanzo ni triptofani, ambayo mwili huipata kwenye protini. Hugeuzwa serotonini, kisha kwa hatua mbili zaidi ikawa melatonini. Tezi haina ghala la kuihifadhi. Inachotengeneza hukiachia palepale, na kwa sababu hiyo kiasi kilicho kwenye damu kinaonyesha vizuri sana kile ambacho saa inaamuru wakati huo. Huanza kupanda saa mbili hivi kabla ya wakati wa kawaida wa kulala, hufika kilele katikati ya usiku, na kushuka kuelekea asubuhi. Mchana ni kidogo mno. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali ukimmulika mtu usiku, kiasi hicho huporomoka, hata kama saa yake bado inasema ni usiku.

Ini huiondoa melatonini upesi. Katika muda usiofika saa moja, nusu yake imekwisha kuvunjwa, na mabaki hutoka kwenye mkojo. Tutayahitaji mabaki hayo hivi punde.

Sasa melatonini inafanya nini? Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Homoni hii ni la mgambo. Inatangaza kwa mwili mzima kwamba giza limeingia. Haimlazimishi mtu yeyote kulala. Panya huzunguka usiku na kulala mchana, na bado melatonini yake hupanda usiku vilevile kama yetu. Kwake tangazo lilelile lina maana ya kutoka shimoni kwenda kutafuta. Kondoo husoma urefu wa tangazo hilo ili wajue msimu wa kupandana umefika. Kwa binadamu, mbiu ikilia, joto la mwili linaanza kushuka na saa yenyewe inapunguza msukumo wake wa kutuweka macho, usingizi ukapata njia. Saa nayo ina vipokezi vya melatonini, yaani inamsikia mjumbe iliyemtuma mwenyewe. Kwa hiyo melatonini inayomezwa kwa wakati maalumu inaweza kuisogeza saa mbele au nyuma. Uponyaji wa Mwalimu ulitegemea jambo hilo.

(Ugunduzi wake nao una historia yake. Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale aliitenga homoni hii mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Alikuwa daktari wa ngozi, na alikuwa akitafuta kitu cha kuwasaidia wenye balanga, kwa kuwa ilijulikana tangu mwaka 1917 kwamba dondoo la tezi hiyo huifanya ngozi ya viluwiluwi ipauke. Usingizi haukuwa hoja yake.)

Mkojo wa siku mbili mbili

Shajara inaonyesha usingizi, na usingizi unaweza kuvurugwa na mambo mengi. Nilitaka kuiona saa yenyewe. Tulimwomba Mwalimu akusanye mkojo kila baada ya saa 4 kwa siku mbili mfululizo, isipokuwa akiwa amelala, na kurudia zoezi hilo kila baada ya siku 14, mara nne. Ni kazi ya kuchosha kwa mtu yeyote. Yeye aliifanya kwa bidii kwa sababu, alivyosema, ni mara ya kwanza mtu alikuwa anamtafutia kalenda yake. Kabla ya kuanza niliuliza kuhusu dawa zote anazotumia. Dawa za kundi la propranololi, wanazopewa wenye shinikizo la damu au kipandauso, huzuia noradrenalini kufanya kazi kwenye tezi na hupunguza melatonini, nasi tungesoma picha ya uongo. Hakuwa akizitumia. Melatonini yake ya dukani ilisimamishwa.

Mara ya kwanza, kilele cha mabaki ya melatonini kilikuwa saa 10 alfajiri. Siku 14 baadaye kilikuwa saa 5 asubuhi. Baada ya siku 14 nyingine, saa 12 jioni. Mara ya nne, saa 7 usiku, karibu kurejea kilikotoka. Kila mara kilisogea mbele kwa muda wa saa 7 hivi, sawasawa na ngazi ya shajara. Kilele hakikuwa kidogo wala hafifu. Tezi ilifanya kazi yake kikamilifu. Mbiu ililia kwa nguvu zote, ila siku nyingine ililia adhuhuri, darasani, mbele ya wanafunzi.

Hali hii inajulikana: mzunguko wa usingizi usiofuata saa 24. Huwapata zaidi watu wasioona mwanga kabisa. Si wote, na sababu ya kutowapata wote ndiyo iliyomlinda Mwalimu kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1995 kundi la Czeisler liliwapima watu 11 wasioona. Watatu kati yao, ambao hawakuwa na fahamu yoyote ya mwanga, walimulikwa usiku na melatonini yao ikashuka. Wawili kati ya hao watatu walipopimwa macho yamefunikwa, haikushuka. Macho yao yalikuwa bado yanafanya kazi ile ya pili bila wenyewe kujua. Ugonjwa wa Mwalimu uliua seli za kuonea na kuziacha zile za melanopsini. Macho yake mawili, aliyoambiwa hayana kazi, yalikuwa yanaurudisha mwili wake kwenye mstari kila asubuhi. Yalipoondolewa, saa ilibaki bila mrekebishaji.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa naona bila kuona?" Nikamjibu ndiyo, Mwalimu, kwa namna fulani ulikuwa unaona.

Kwa nini miligramu 10 zilishindwa

Alishangaa nilipomwambia tutatumia melatonini tena. "Nilishaijaribu," alisema, "tena nyingi." Wingi ulikuwa sehemu ya tatizo.

Saa ya mwili haiitikii melatonini kwa namna moja saa zote. Ikimezwa jioni ya mwili, kabla ya tezi kuanza kumwaga ya kwake, huivuta saa mapema. Ikimezwa asubuhi ya mwili, huichelewesha. Nasema ya mwili, si ya ukutani. Mwalimu aliimeza saa 5 usiku katika majuma mabaya, wakati mwili wake ulikuwa mara asubuhi, mara adhuhuri, mara jioni. Dozi ya leo ilivuta, ya juma lijalo ilisukuma. Kisha, mambo yakianza kukaa sawa, aliiacha. Mara nyingine aliamka saa 9 usiku akaongeza kidonge cha pili kwa kukata tamaa.

Halafu kuna kiasi. Miligramu 10 ni nyingi kupita kiasi ambacho tezi hutoa usiku mzima. Ingawa ini huiondoa upesi, dozi kubwa hubaki na mkia mrefu, na mkia huo unaweza kufika hadi kwenye saa zile ambapo melatonini huchelewesha. Mkono mmoja unavuta mapema na mwingine unarudisha nyuma. Mwaka 2000 Robert Sack, Lewy na wenzao huko Oregon walitumia miligramu 10 kila siku kabla ya kulala kwa watu saba wasioona waliokuwa wakihama, na sita wakasimama. Dozi kubwa basi inaweza kufaa. Lakini walipoipunguza kidogo kidogo hadi miligramu 0.5 kwa baadhi yao, waliendelea kusimama. Na yule wa saba, mwenye saa ndefu kuliko wote, alishindwa kwa dozi kubwa, akafanikiwa alipopewa miligramu 0.5. Ninapenda kuusimulia utafiti huo kwa kila anayeniambia niongeze dozi.

Tiba

Tulikubaliana miligramu 0.5, saa 3 usiku, kila siku ya Mungu, bila kujali analalaje. Tatizo la kwanza lilikuwa kuipata kwa kipimo cha kuaminika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 nchini Kanada ulipima bidhaa 31 za melatonini na kukuta kiasi halisi kikitofautiana na kilichoandikwa kwenye lebo, kutoka asilimia 83 pungufu hadi asilimia 478 zaidi. Bidhaa nane zilikuwa na serotonini ndani yake. Kwa mtu anayetaka kulala kwenye ndege hilo ni kero. Kwa mtu anayejaribu kuisogeza saa kwa dozi ndogo, ni kazi yote kuharibika. Tulitumia ya duka la dawa, iliyosajiliwa kama dawa, ikapimwa upya kwa kiasi tulichotaka. Kuna pia dawa iitwayo tasimelteoni, inayogusa vipokezi vilevile, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya hali hii hasa, hatukuihitaji.

Tatizo la pili lilikuwa siku ya kuanza, na hapo tulibishana. Mwalimu alitaka kuanza juma baya lijalo. Mimi nilitaka aanze katikati ya juma jema, akiwa analala usiku na hajisikii kuhitaji chochote. Katika juma hilo, saa 3 usiku huangukia mwanzoni mwa usiku wa mwili wake, na kila siku mwili ukizidi kuchelewa, kidonge kinazidi kuangukia jioni yake, pale kinapovuta kwa nguvu. Ukianza juma baya, huenda kikaangukia asubuhi ya mwili na kuusukuma mbali zaidi. Alikubali, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba kumeza dawa siku ya uzima kulimkera.

Siku kumi za kwanza usingizi uliendelea kuteleza, ila polepole kuliko zamani, jumla ya saa moja na nusu hivi. Alinipigia akisema imeshindwa. Nikamwomba asibadilishe chochote. Siku ya kumi na mbili haukuteleza. Wala ya kumi na tatu. Tulipopima mkojo juma la nane, kilele kilikuwa saa 11 alfajiri. Juma la kumi na mbili, saa 11 alfajiri. Ngazi ilikuwa imegeuka mstari wima. Sitasahau alivyouliza nisome namba hizo mara ya pili.

Anaposafiri hubeba dawa mkononi, si kwenye begi la mizigo. Amejifunza hilo kwa gharama: mwezi wa tano wa tiba iliisha, akakaa siku tano bila kumeza, akijiambia mwili umeshazoea. Haukuzoea, maana urefu wa saa yake haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kila jioni kulikuwa na kitu cha kuirudisha. Usingizi ulichelewa kwa saa mbili na nusu katika siku hizo tano, hesabu ileile. Alirudi kwenye saa 3 usiku bila kuongeza dozi, na katika majuma mawili alikuwa amerejea. Kama angengoja mwezi mzima, pengine tungelazimika kusubiri mzunguko uzunguke hadi juma jema.

Vidonge vya usingizi viliachwa kwa kupunguzwa taratibu. Dawa za sonona tuliziacha mwisho kabisa, kwa ushirikiano na aliyeziandika, baada ya miezi sita ya usingizi uliotulia. Hili nalo lilihitaji uangalifu wa aina yake: dawa mojawapo ya sonona, fluvoksamini, huzuia ini kuivunja melatonini na kuipandisha mno kwenye damu. Yake haikuwa hiyo, lakini ni swali la kuulizwa kabla ya kidonge cha kwanza.

Mdogo wake

Kisa kingeishia hapo, ila katika ziara ya mwisho Mwalimu alikuja na dada yake mdogo. Ana ugonjwa uleule wa retina, miaka 29, haoni mwanga wowote. Analala saa 4 usiku na kuamka alfajiri, kila siku. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuuma, na alikuwa ameshapangiwa tarehe ya kuliondoa. La kulia lilikwisha kutolewa mwaka uliotangulia.

Tulimlaza usiku mmoja kwenye chumba chenye mwanga hafifu, tukichukua mate kila nusu saa. Melatonini ilipanda kama inavyotakiwa. Usiku wa manane tukawasha taa kali mbele ya uso wake kwa dakika 90. Hakujua kwamba zimewashwa. Alituuliza mara mbili kama tumeanza. Kwenye sampuli za mate, melatonini yake ilikuwa imeshuka hadi chini ya nusu. Usiku mwingine tukarudia tukiwa tumemfunika jicho, na haikushuka.

Niliipeleka karatasi hiyo kwa daktari wake wa macho. Tarehe ya upasuaji ilifutwa, na maumivu yanatibiwa kwa matone na kwa leza ya kupunguza shinikizo. Jicho la kushoto lingali mahali pake. Kila asubuhi dada huyo hukaa nje nusu saa, uso wake ukielekea lilikochomoza jua, na kaka yake ndiye anayemkumbusha.